Kabla hujalipia inchi, pima safari yako

Ilikuwa Januari, pilikapilika za sikukuu zimeshatulia Diani. Kijana mmoja alisimama kwenye dirisha la wakala wetu hapa Ukunda. Alikuwa amefanya kibarua cha hoteli msimu mzima wa Desemba, na pesa yake karibu yote ilikuwa kwenye simu. Alikuja kuweka zile noti chache zilizobaki mkononi ili bei itimie, kisha atume zote kwa duka moja la Nairobi. Alikuwa ananunua laptopu ya kuchezea gemu. Inchi 17.3.

"Mwanangu, hiyo utaibeba vipi?" mama wa wakala alimuuliza.

"Si ni laptopu tu, mama."

Mwenzetu mmoja wa kazini alikuwa pale akikagua kitabu cha wakala. Aliposikia 17.3 aliinua kichwa. Yeye mwenyewe alishawahi kununua ya ukubwa huohuo, kwa akiba ya mwaka mzima. Wiki ya kwanza aliibeba kila siku kutoka Ukunda hadi Likoni, akavuka nayo feri, akafika Mombasa kazini. Wiki ya tatu akawa anaibeba mara mbili kwa wiki. Mwezi wa tatu ikawa haitoki nyumbani tena, na kule Mombasa akawa anaomba kompyuta ya watu. Mwisho aliiuza kwa hasara. "Haikuharibika," alimwambia yule kijana. "Mgongo wangu ndio uliokataa."

Kijana akashusha simu. Alikuwa hajaweka PIN bado.

Sisi hatuuzi laptopu. Kazi yetu ni kuhakikisha pesa yako imefika ulikoituma. Ulipie ndogo, ulipie kubwa, kwetu yote ni malipo. Lakini malipo ya aina hii twayaona yakitoka, na baadaye twasikia majuto. Ukikosea pesa ya mboga leo, kesho utarekebisha. Pesa ya laptopu ni jasho la mwaka, na ukishaituma kwa hiari yako kwa muuzaji halali, hakuna namba ya kupiga eti irudishwe kwa sababu begi limekuwa zito. Ndiyo maana leo tumeamua kutoa maoni yetu wazi.

Maoni yetu ni haya: watu wengi huku kwetu hununua kioo cha laptopu kwa kuangalia raha ya dukani, badala ya kuangalia safari ya kila siku. Tunaona ni kinyume. Laptopu inunuliwe kwa ajili ya safari. Kioo kikubwa, ukikitaka, kinunuliwe kwa ajili ya nyumbani, na kinaweza kungoja.

Inchi zenyewe ni nini?

Tuanze hapa kwa sababu wengi huchanganywa. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu upande wa pili. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hivyo kioo cha inchi 14 kina mshazari wa sentimita 35.6, cha 15.6 kina 39.6, na cha 17.3 kina karibu 44. Fremu ya plastiki inayozunguka kioo haihesabiwi.

Ukisikia 14 na 15.6 waona tofauti ni inchi moja na nusu tu, kitu kidogo. Lakini eneo lote la kioo hukua haraka kuliko mshazari. Kioo cha 15.6 kina nafasi zaidi kwa karibu asilimia 24 kuliko cha 14 chenye umbo lile lile. Cha 17.3 nacho kinazidi cha 15.6 kwa karibu asilimia 23. Ndiyo maana dukani, ukiziweka tatu bega kwa bega, ile kubwa inakuita na ile ya 14 inaonekana kama ya mtoto. Duka limepangwa hivyo. Dukani hakuna feri wala matatu.

Jambo jingine ni umbo. Zamani vioo vingi vya laptopu vilikuwa vipana na vifupi, kipimo cha 16 kwa 9. Siku hizi vingi vimeongezwa urefu, 16 kwa 10. Matokeo yake ni kwamba laptopu mpya ya inchi 16 yenye umbo hili ina upana wa kioo wa karibu sentimita 34.5, sawasawa na ile ya zamani ya 15.6. Imeongezeka kwenda juu tu, kama sentimita mbili. Kwa hivyo usishtuke ukiambiwa 16 ukadhani ni kubwa mno, wala usilipe zaidi kwa sababu tu namba imepanda. Uliza umbo.

Jaribio la unga

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji atakwambia "hii nyepesi, kaka", maanake yeye anaibeba kutoka kabatini hadi kaunta. Wewe utaibeba kutoka Msambweni.

Na mzigo si laptopu peke yake. Laptopu ya gemu ina chaja kama tofali, na huwezi kuiacha nyumbani. Sababu tutaieleza sasa hivi. Hesabu ya kawaida ni hii. Laptopu ya gemu ya inchi 15.6 huwa na kilo kama 2.3 hadi 2.5, na chaja yake nusu kilo au zaidi. Ukijumlisha, unabeba karibu kilo 3. Ya 17.3 na chaja yake hufika kilo 3 na nusu au zaidi. Za gemu za inchi 14 zilizoundwa kwa ajili ya kubebwa, mfano ASUS ROG Zephyrus G14 iliyotoka mwaka 2020, huwa kilo 1.6 hivi, na pamoja na chaja hazivuki sana kilo 2. Laptopu za ofisi za inchi 14, zile zinazoletwa zimeshatumika Ulaya kama HP EliteBook 840 au Lenovo ThinkPad T480, nazo zina kilo moja na nusu na kitu, na chaja yake ndogo waweza kuitia mfukoni.

Basi fanya jaribio hili kabla ya kutuma hata shilingi. Chukua pakiti ya unga ya kilo 2 na chupa ya maji ya lita moja. Tia kwenye begi unalobeba kila siku, pamoja na vitu vyako vya kawaida. Hizo ni kilo 3, yaani laptopu ya gemu ya 15.6 na chaja yake. Kisha kata kadibodi yenye upana wa sentimita 36 na urefu wa sentimita 26, uitie pia, uone kama begi linafunga. Kwa ile ya 17.3, kata ya sentimita 40 kwa 29, na ongeza chupa ya nusu lita.

Sasa ishi hivyo wiki moja. Panda matatu ya kwenda Likoni ukae kiti cha nyuma, wanne mmebanana, begi mapajani. Panga foleni ya feri saa moja asubuhi, jua limeshaanza, mgongo umeloa. Shuka, tembea, panda tena. Ukimaliza wiki hujalalamika, nunua kubwa na sisi tutakupongeza. Ukiona siku ya tatu umeutoa unga ukauacha nyumbani, umejua ukweli bila kupoteza senti, na unga wako bado waupika.

Gemu haiendi bila soketi

Hapa ndipo watu wengi wamekosea, na muuzaji hana haraka ya kuwaeleza. Laptopu ya gemu haichezi gemu vizuri kwa betri. Ukichomoa chaja, mashine yenyewe hupunguza nguvu ya kadi ya grafiki ili betri isiishe mara moja. Hata hivyo, gemu nzito itaimaliza betri kwa saa moja, mbili ukibahatika. Hili ni la inchi zote.

Wala kubwa haina betri ya kudumu siku nzima kwa kuwa ina mwili mkubwa. Mashirika ya ndege huruhusu abiria kupanda na betri ya hadi saa-wati 100 bila kibali maalumu, kwa hivyo watengenezaji huishia hapo hapo, hata kwenye laptopu ya inchi 17 au 18. Nafasi iliyozidi hujazwa feni na vyuma vya kupoza.

Maana yake ni nini kwako? Kwamba hutacheza gemu kwenye matatu, wala kwenye feri, wala chini ya mwembe. Utacheza mahali penye soketi: nyumbani, bwenini chuoni, kwa rafiki, kazini baada ya saa za kazi. Njia nzima ile katikati, laptopu ni mzigo tu. Na mahali penye soketi mara nyingi pana kitu kingine pia: runinga. Runinga nyingi za miaka hii zina tundu la HDMI, na laptopu za gemu karibu zote zinalo. Kebo moja, na kioo chako cha inchi 14 kimekuwa cha inchi 32. Ukiona gemu inachelewa kuitikia, ingia kwenye mipangilio ya runinga utafute hali ya gemu, uiwashe.

Kwa hivyo lile swali la "ndogo ya kubeba au kubwa ya kuchezea?" limeulizwa vibaya. Unapocheza, umeshafika. Na ukishafika, kioo kikubwa kinaweza kuwa kinakungojea hapo, hakina haja ya kuvuka nawe Likoni.

Tuguse na tokeni za stima, kwa kuwa wengi mwazinunua kupitia kwetu. Kinacholamba umeme hasa si kioo, ni kadi ya grafiki. Laptopu ya gemu inayovuta wati 150 ukicheza saa tatu kila siku itatumia uniti 13 na nusu kwa siku 30. Laptopu ya ofisi inayovuta wati 25 kwa saa hizohizo haifiki uniti 2 na nusu. Ikiwa tokeni hununuliwa na mama, mwambie kabla hujamletea kifaa, si baada.

"Lakini ndogo haina raha"

Hili tunalisikia kila mara, tena kutoka kwa kijana ambaye amecheza eFootball kwenye simu ya inchi 6 na nusu tangu asubuhi. Mbona hiyo haikuwa ndogo? Mwaka 2022 kampuni ya Valve ilitoa Steam Deck, kifaa cha kuchezea gemu za kompyuta chenye kioo cha inchi 7, na watu wakakipenda. Jicho halihesabu inchi peke yake, linahesabu na umbali. Laptopu ya 14 unaikalia karibu, na ukishaingia dakika ya 80 bao ni moja kwa moja, hukumbuki kioo ni inchi ngapi.

Tena kioo kidogo kina faida isiyosemwa. Kadri nukta za picha zinavyokuwa nyingi, ndivyo kadi ya grafiki inavyohangaika. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta milioni 2 na kidogo. Cha 2560 kwa 1600 kina milioni 4 na kidogo, karibu maradufu. Kwenye inchi 14, zile milioni 2 zinatosha kabisa, picha inatoka kali, na kadi ya bei ya chini inaenda nayo. Kwenye inchi 17, nukta zilezile zimetawanyika, unaanza kutamani kioo chenye nukta zaidi, kisha wataka kadi kubwa zaidi ya kuzisukuma, na bei inapanda ngazi mbili kwa mpigo.

Mahali ambapo kubwa inashinda

Tusiwe watu wa upande mmoja. Kubwa ina haki zake, na tutazitaja.

La kwanza ni bei. Kwa nguvu sawa, laptopu ya gemu ya inchi 14 mara nyingi ni ghali kuliko ya 15.6. Kuvibana vitu vingi kwenye mwili mdogo ni ufundi, na ufundi hulipiwa. Hili ni la kweli na ndilo linalouma. Mwenye pesa kidogo, anayetaka kucheza gemu nzito na asiyesafiri, atapata zaidi akichukua 15.6.

La pili ni joto. Huku Pwani joto tunalijua bila kupimiwa. Mwili mkubwa una nafasi ya feni kubwa na hewa kupita, na huwa unapiga kelele kidogo. Mwili mdogo wenye kadi kali huchemka haraka, na ukichemka hupunguza mwendo wenyewe. Ukichukua ndogo, iinue kidogo nyuma ipate hewa, usiiweke kitandani, na peleka feni zikasafishwe mara kwa mara. Mchanga wa Diani na hewa ya chumvi havichagui inchi.

La tatu ni kibodi. Za 15.6 na kuendelea nyingi zina safu ya namba upande wa kulia. Ukifanya hesabu za duka au kuingiza takwimu kutwa nzima, safu hiyo ni mkono wa tatu. Za 14 kwa kawaida hazina. Waweza kununua ya kando ya kuchomeka, lakini ni kitu kingine cha kubeba.

La nne ni macho. Mtu ambaye maandishi madogo yanamsumbua, au anayecheza gemu za mipango zenye maandishi na ramani nyingi, atafurahia kioo kikubwa kila saa ya matumizi. Huyu asilazimishwe.

Wewe ni nani kati ya hawa?

Tuchukue watu watatu wa huku kwetu.

Wa kwanza anaishi Msambweni, anafanya kazi Diani, na siku mbili kwa wiki anasoma chuo Mombasa. Mombasa na Msambweni ni kama kilomita 50, na katikati pana feri. Huyu tunamwambia 14, bila kupepesa macho. Pesa ikitosha, achukue 14 ya gemu. Isipotosha, achukue 14 ya ofisi iliyotumika, acheze gemu nyepesi na za miaka ya nyuma. Valorant ya mwaka 2020 iliundwa iweze kwenda hata kwenye kompyuta dhaifu. GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, atabidi aishushie ubora na avumilie. Hatapata kila gemu, lakini atakuwa nayo chuoni siku anayoihitaji, na hiyo ndiyo sababu ya kununua laptopu.

Wa pili anaishi Ukunda, ana chumba chake na meza, na laptopu itatoka mara moja au mbili kwa mwezi. Au ana gari lake, anapita zake barabara ya Dongo Kundu, begi limekaa kiti cha nyuma. Huyu achukue 15.6 au 16, na ile bei aliyookoa aiweke kwenye kumbukumbu zaidi au kadi bora. Kilo 3 hazimhusu.

Wa tatu anaitaka 17.3 kwa sababu "haitatoka nyumbani kamwe". Ndugu yetu, kama haitatoka nyumbani, kwa nini ulipie betri, bawaba na wembamba? Nunua kompyuta ya mezani na monita ya inchi 24. Kwa pesa ileile utapata nguvu zaidi, na kitu kikiharibika unabadilisha kipande kimoja. Kitu pekee cha kukuzuia ni stima ya kukatika, maana ya mezani huzima papo hapo na kazi yako inapotea. Kama kwenu yakatika sana, weka hesabu ya kifaa cha kuhifadhi umeme.

Ukitazama hao watatu, utaona 17.3 imebaki bila mwenyewe. Wapo wanaoihitaji, kwa mfano mtu wa kuhariri video anayehama nyumba kila miezi michache. Ni wachache, na wanajijua.

Kabla hujaweka PIN

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Ukishachagua, yafanye haya.

Gawanya ununuzi mara mbili. Lipia laptopu sasa, na kioo cha nyumbani baadaye, msimu ujao. Hii ndiyo faida kubwa ya kuanza na 14: hulazimiki kulipia kila kitu siku moja. Ukinunua inchi 17 umelipia kioo kikubwa leo, ukitaka usitake.

Usikope kwa ajili ya inchi. Mkopo wa Desemba unaonekana mwepesi kwa sababu kazi ipo. Ikifika Aprili hadi Juni, mvua za masika zimeanza, wageni wamepungua, hoteli zinawapumzisha vibarua, na siku ya kulipa haijui kama ni msimu au si msimu. Ikiwa lazima ukope, hakikisha anayekukopesha ana leseni. Kanuni za mwaka 2022 zinataka kampuni za mikopo ya kidijitali ziwe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya.

Usitume arubuni kwa namba ya mtu binafsi. "Tuma kidogo nikuwekee, wengine wanaitaka" ni maneno ambayo yamewatoa watu wengi pesa. Duka halali lina namba yake ya malipo ya biashara. Unapolipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa silo la duka, simama hapo hapo. Hakuna laptopu inayokimbia.

Ukiletewa, pima. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kioo kutoka kona hadi kona bila fremu. Sentimita 35.6 ni inchi 14. Sentimita 39.6 ni 15.6. Wapo wanaouza ya 14 kwa jina la 15.6, na mtu huona aibu kupima mbele ya muuzaji. Usione aibu, pesa ni yako.

Iwashe, ichomeke, fungua gemu au video, iache iende nusu saa kabla ya kumalizia malipo. Sikiliza feni. Gusa chini. Tazama kioo kizima kwenye rangi nyeupe kisha nyeusi, uone kama kuna madoa. Chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani.

Mwisho, uhifadhi ujumbe wa uthibitisho wa malipo pamoja na risiti ya duka yenye namba ya laptopu. Siku ya kudai waranti, ndivyo vitakavyokusemea. Na PIN yako, hata muuzaji awe mpole vipi, haitajwi. Hata sisi hatuiulizi.

Yule kijana

Alirudi baada ya wiki. Mama wa wakala alimuuliza unga vipi. Akacheka. Siku tatu aliubeba, Msambweni kwenda na kurudi. Siku ya nne, jioni, mama yake alifungua begi akautoa akasonga ugali, akasema hajui mtu mzima anayetembea na unga mji mzima na nyumbani watu wana njaa.

"Na laptopu?"

Alikuwa ameshaichagua. Inchi 14, ya ofisi, iliyotumika, dukani hapa hapa Ukunda, ameishika kwa mkono wake na ameipima kwa futi. Ile gemu aliyoitaka haitaenda vizuri, alijua, na ilimuuma kidogo. Pesa iliyobaki aliamua iendelee kukaa kwenye simu. Karo ilikuwa karibu, na Aprili haikuwa mbali. Akasoma jina la duka kwenye simu mara mbili, akageuka upande mama asione, akaweka PIN.